Rwanda au Burundi: mtaji uuweke upande gani wa Akanyaru?

Mfanyabiashara wa Kigoma au Kariakoo anayetaka kuvuka mpaka na mtaji wa kati, usio wa kampuni kubwa wala wa genge, huwa na nchi mbili ndogo mbele yake: Rwanda na Burundi, zinazopakana kwenye mto Akanyaru. Akiuliza aende wapi, wengi humtajia Kigali kabla hajamaliza swali. Barabara safi, ofisi zinafanya kazi, rushwa kidogo. Jibu hilo lina ukweli, ila linahusu namna ya kuingia, na kuingia hakumsumbui mtu mwenye dola mkononi. Kinachomnyima usingizi aliyeweka fedha ugenini ni namna zitakavyotoka. Kwa hiyo nitazipima nchi hizi mbili kwa swali hilo: baada ya kuuza na kupata faida, utairudishaje nyumbani?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Rwanda unaweza kuweka mtaji, ukikubali faida nyembamba na serikali inayokutazama kwa karibu. Burundi ya sasa usiweke mtaji. Iuzie mali ukiwa umesimama upande wa Tanzania. Kuna watu ambao ushauri huu hauwafai, nitawafikia.

Zilianza sawa

Ni vigumu kupata nchi mbili zilizoanza kwa kufanana kiasi hiki. Rwanda ina kilomita za mraba 26,338, Burundi 27,834. Zote ni milima, kahawa, chai, maharage na ndizi. Zilitawaliwa pamoja na Wajerumani kisha Wabelgiji, zikapata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962, na hadi mwaka 1964 zilikuwa zinatumia faranga moja. Ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki siku moja pia, tarehe 1 Julai 2007. Sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2, na Burundi haiko mbali na hapo.

Ukifika kwenye pato la taifa ndipo undugu unapoishia. Mwaka 2023 uchumi wa Rwanda ulikuwa wa dola bilioni 14 hivi. Wa Burundi, kwa hesabu za Benki ya Dunia, haukufika bilioni 3. Ukigawa kwa kila mtu, Mnyarwanda anapata kama dola 1,000 kwa mwaka na Mrundi kama 200, kiwango kinachoiweka Burundi mkiani mwa dunia. Rwanda ilikua kwa asilimia 8.2 mwaka 2022, ikarudia kiasi hicho hicho 2023, na 2024 ikakaribia 9. Burundi imekuwa ikijivuta kwenye asilimia mbili, tatu.

Kwa nini? Vita pekee si jibu, maana Rwanda ilibomolewa mwaka 1994 na mauaji ya kimbari, na Burundi ilipigana tangu 1993 hadi katikati ya miaka ya 2000, na mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 katikati. Tofauti kubwa ilikuja baadaye. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza aligombea muhula wa tatu, mwezi Mei jaribio la mapinduzi likashindwa, maelfu wakakimbia, na mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukasimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali. Nchi iliyokuwa ikiendesha bajeti yake kwa fedha za wafadhili ikakatiwa mfereji wa dola kwa mkupuo. Marekani iliondoa vikwazo vyake mwishoni mwa 2021 na Ulaya Februari 2022, lakini dola zikiondoka nchini hazirudi kwa kasi ile ile.

Faranga

Hapa ndipo uamuzi wako ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Burundi ina bei mbili za dola. Moja ni ya Benki Kuu, nyingine ni ya mtaani. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga kwa mkupuo, kutoka kama 2,100 kwa dola hadi kama 2,800, ikitarajia kuifikia bei ya mtaani. Bei ya mtaani haikusubiri kufikiwa. Iliendelea kupanda, na mwaka 2025 ilivuka 6,000 wakati ile rasmi ikiwa bado chini ya 3,000. Pengo hilo ndilo kodi kubwa kuliko zote nchini humo, ingawa haimo kwenye sheria yoyote ya kodi.

Tuseme umeuza vipuri Bujumbura ukapata faranga milioni 60. Kwenye karatasi, kwa kiwango rasmi cha karibu 3,000, una dola 20,000, na ukienda benki na hesabu yako hakuna atakayeibishia. Watakachokuambia ni kwamba dola hazipo, subiri. Akiba ya fedha za kigeni ya nchi imekaa muda mrefu ikiwa haitoshi hata kuagizia bidhaa kwa mwezi mmoja au inagusa hapo hapo, na foleni ya kuigombania inaanza na mafuta, dawa na mbolea. Wewe wa vipuri uko nyuma sana. Ukiamua kwenda mtaani, milioni 60 zako zinakuwa dola 10,000 au pungufu, na biashara hiyo imewahi kuwapeleka watu ndani: mwaka 2020 maduka yote ya kubadilishia fedha yalifungwa, yakaruhusiwa tena 2022.

Ukiamua kuziweka tu, ujue Juni 2023 Benki Kuu ilitangaza kuwa noti za zamani za 5,000 na 10,000 zinaondolewa, na wananchi wakapewa siku kumi kuzirudisha. Aliyekuwa na fedha chini ya godoro alijua hajui. Mfumuko wa bei nao mwaka huo ulikuwa juu ya asilimia 25.

Wanaojua kazi hawabaki na faranga mkononi. Wanazigeuza kuwa bidhaa: mawese ya Rumonge, sabuni za Savonor, bia ya Amstel inayotengenezwa na Brarudi na kupendwa mpaka ng'ambo ya ziwa, kisha wanaziuza Kongo kwa dola. Ni njia halali ikifuata taratibu, lakini tazama kilichotokea: ulikwenda kuuza vipuri, sasa umekuwa mfanyabiashara wa mawese, na kila kibali kinachobadilika kinakugusa mara mbili.

Rwanda ina bei moja ya dola kwa maana ya kawaida. Benki na duka la kubadilishia fedha zinapishana kidogo tu, na akiba ya taifa imekuwa ikitosha kuagizia bidhaa kwa zaidi ya miezi minne. Usije ukadhani faranga yake haishuki. Mwaka 2023 pekee ilipoteza karibu asilimia 18 mbele ya dola, na mwishoni mwa 2022 mfumuko wa bei mijini ulikuwa umepita asilimia 20 kabla ya kurudi kwenye tarakimu moja. Kwa hiyo mtu aliyekopesha wateja wake wa Kigali kwa miezi sita mwaka ule aliumia pia. Lakini aliumia kwa kiasi anachoweza kukihesabu na kukiweka kwenye bei ya mwaka ujao. Alipotaka kuhamisha fedha zake alijaza fomu na fedha zikaenda.

Mafuta na umeme

Tangu 2021 Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta unaokuja na kuondoka, na kuanzia 2024 kuondoka kumekuwa kwa nadra. Magari hulala kwenye vituo siku kadhaa. Petroli ya magendo inauzwa kwa chupa na vidumu kutoka upande wa Uvira au wa Kigoma, kwa bei inayozidi mara kadhaa ile iliyotangazwa na serikali. Chanzo ni kile kile: hakuna dola za kulipia meli. Hata Brarudi, mmoja wa walipa kodi wakubwa wa nchi, imewahi kushindwa kujaza soko kwa bia kwa sababu ya kukosa fedha za kigeni za malighafi. Ikiwa kiwanda cha bia kinakwama, fikiria mwenye lori moja la kusambaza mchele Gitega, Ngozi na Muyinga.

Umeme unamfikia Mrundi mmoja hivi kati ya kumi. Rwanda imefika kwenye kaya nyingi zaidi kwa tofauti ya mbali, ikichanganya gridi na sola za majumbani, na tangu 2016 inachota hata gesi ya Ziwa Kivu kuzalisha umeme. Nchi zote mbili zinagawana na Tanzania megawati 80 za Rusumo, ambazo kwa Burundi ni ongezeko kubwa kweli. Kama unafikiria kinu au kiwanda kidogo, kifungu hiki kinatosha kuamua.

Serikali yenye macho

Sasa ubaya wa Rwanda, maana wanaoisifia huukimbia.

Kusajili kampuni ni jambo la mtandaoni, linakamilika ndani ya siku moja hivi. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwisho ya wepesi wa kufanya biashara ya mwaka 2020, iliiweka Rwanda ya 38 duniani na Burundi ya 166. (Ripoti hiyo ilifutwa mwaka uliofuata baada ya kubainika kasoro kwenye takwimu za baadhi ya nchi, kwa hiyo usiichukue kama msahafu.) Kwenye rushwa, Transparency International mwaka 2024 iliipa Rwanda alama 57 kati ya 100 na Burundi 17, na 100 ndiyo safi kabisa. Haya ni kweli na utayaona kwa macho yako.

Lakini wepesi wa kukusajili ndio huo huo wepesi wa kukutoza. VAT ni asilimia 18 kwa nchi zote mbili. Tofauti ni kwamba Kigali unailipa. Mashine za risiti zilianza kutumika mwaka 2013 na mamlaka ya mapato inaona mauzo yako karibu kwa wakati ule ule unapouza. Mfanyabiashara aliyezoea kupatana na ofisa, kulipa kidogo na kusogea, atajikuta hana wa kupatana naye. Faida uliyoipiga kwenye daftari ukiwa nyumbani ipunguzie kodi yote, faini za kuchelewa, na gharama ya mhasibu anayejua mfumo wao.

Kisha kuna sera zinazogeuka, tena zinatekelezwa kweli. Muulize yeyote aliyekuwa kwenye mitumba. Mwaka 2016 ushuru wa nguo zilizovaliwa ulipandishwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Kenya, Tanzania na Uganda, zilizokuwa zimekubaliana kwenda njia hiyo pamoja, zilirudi nyuma Marekani ilipokunja uso. Rwanda haikurudi, mwaka 2018 ikaondolewa kwenye AGOA, unafuu wa kuuza Marekani bila ushuru, kwa upande wa nguo, na marobota hayakurudi sokoni kama zamani. Mpango wa jiji nao unahamisha watu: viwanda vya Gikondo, bondeni, vilitakiwa kuondoka, na eneo jipya likawa Masoro. Wamachinga wanafukuzwa barabarani. Kuanzia 2025 pikipiki mpya za abiria Kigali zinasajiliwa zikiwa za umeme tu, kwa hiyo aliyekuwa na ndoto ya kuleta kontena la pikipiki za petroli aisahau.

Mimi sioni haya kama uonevu. Ni aina ya hatari ambayo Mtanzania au Mkenya hajaizoea: sheria ikitangazwa, inatekelezwa Jumatatu.

Na soko lenyewe limejaa. Kuanzia Quartier Matheus hadi Kimironko utakuta aliyekutangulia, mwenye bei ya chini na mtaji mkubwa. Azam ana kinu cha ngano pale pale, KCB na Equity wapo, Wahindi na Wachina wapo. Burundi, kwa sababu wengi wameikimbia, mwenye mali hupanga bei. Ndiyo maana hadithi za faida kubwa zinatoka Bujumbura, kwenye maduka ya Buyenzi, na hazitoki Kigali. Ni za kweli mpaka pale mtu anapotaka kuzigeuza dola.

Kongo, kwa mema na mabaya

Hakuna nchi kati ya hizi mbili inayoeleweka bila jirani wao mkubwa. Rwanda inauza Goma na Bukavu chakula, mafuta na bidhaa zinazopita tu. Dhahabu imekuwa juu kabisa kwenye orodha ya mauzo yake ya nje, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba sehemu ya madini yanayouzwa kutoka Rwanda asili yake ni Kongo, jambo ambalo Kigali inalikana. Mwaka 2025 waasi wa M23, ambao Rwanda inatuhumiwa kuwaunga mkono, walipoichukua Goma mwezi Januari na Bukavu mwezi uliofuata, bili ilianza kuja: Marekani iliwawekea vikwazo viongozi akiwemo waziri wa Rwanda James Kabarebe, Ulaya ikaigusa hadi mitambo ya kusafishia dhahabu ya Gasabo, Uingereza ikasimamisha sehemu ya misaada, na Rwanda yenyewe ikavunja uhusiano na Ubelgiji.

Hili lina uzito kwa mtaji wako kuliko linavyoonekana. Deni la serikali ya Rwanda limefika karibu robo tatu ya pato la taifa, na ukuaji ule wa asilimia 8 umebebwa kwa sehemu kubwa na matumizi ya serikali, mikutano, utalii na mikopo nafuu. Kibali cha kuwaona gorila kimekuwa dola 1,500 tangu 2017. Jengo la mikutano la Kigali lilifunguliwa 2016. Jezi za Arsenal zilianza kuitangaza nchi mwaka 2018. Wafadhili wakikaza mkono kweli kweli, kama walivyoikazia Burundi mwaka 2016, Rwanda ina mto wa kulalia ambao Burundi haikuwa nao, ila si mto mnene.

Burundi nayo iko ndani ya vita hivyo, na wanajeshi wake wamekuwa upande wa Kinshasa. Mpaka kati ya ndugu hawa wawili umefungwa na serikali ya Burundi tangu Januari 2024, baada ya shambulio la waasi wa RED-Tabara karibu na Gatumba ambalo Burundi inailaumu Rwanda, na Rwanda inakana. Kwa hiyo futa kichwani wazo la kufungua duka Kigali na tawi Bujumbura. Mzigo wa kutoka moja kwenda nyingine unazunguka Tanzania.

Nani aende wapi

Mwenye mtaji wa kukaa miaka mitano, mwenye huduma au kiwanda kidogo, na aliyezoea kutunza hesabu: Kigali, au bora zaidi miji ya pembeni kama Musanze na Huye, ambako kodi ya pango ni ndogo na washindani ni wachache. Kiswahili ni lugha rasmi huko tangu 2017, lakini nje ya Nyamirambo, mtaa wa Kigali, usitegemee kitakutosha. Tafuta Mnyarwanda wa kusimama dukani.

Mwenye bidhaa za kuzunguka haraka, kama unga, mchele, mafuta ya kupikia, simenti au plastiki: mteja wako wa kweli huenda ni Mrundi, lakini mkutane Kabanga, Manyovu au Kigoma mjini, akulipe kwa shilingi au dola kabla mzigo haujavuka. Yeye anaijua faranga yake, anajua pa kuigeuza. Hatari ya sarafu mwachie mwenyewe, na bei yako ikubali punguzo kidogo kwa sababu hiyo. Biashara hii haina sifa ya kuitwa mwekezaji, wala hutapigwa picha na waziri.

Wanaofaa kuingia Burundi yenyewe ni wachache. Mwenye ukoo Buyenzi au Rumonge, anayetumia faida huko huko kwa kujenga, kusomesha na kununua shamba, hana shida ya kutoa dola kwa sababu hazitoi. Anayenunua mazao ya kuuza nje anaweza pia, kwa kuwa faranga kwake ni gharama na dola ni mapato. Ila kahawa ya Kayanza na Ngozi, nzuri kiasi cha kushindana na yoyote ya Rwanda, iko chini ya mkono wa serikali upya tangu mamlaka yake ya ODECA iundwe, na malipo ya mauzo ya nje yanatakiwa kupitia benki za nchini. Na aliye na subira ya miaka kumi anaweza kununua eneo sasa, bei zikiwa chini kwa hesabu ya dola, akitazama reli inayotoka Uvinza kwenda Musongati, penye nikeli.

Ukiwa bado na moyo wa Bujumbura, basi usifuatilie hotuba wala takwimu za ukuaji. Fuatilia vitu vitatu. Bei ya dola benki na mtaani zikikaribiana kwa miezi sita mfululizo bila polisi kuhusika. Lori la mafuta likifika kituoni na kukuta hakuna foleni. Mpaka wa Akanyaru ukifunguliwa na kubaki wazi. Cha kwanza pekee kikitokea, nitakuwa wa kwanza kukwambia ubebe mtaji uende, kwa sababu siku hiyo wale waliokimbia wote watarudi pamoja na bei za maduka zitapanda ndani ya wiki.